Baba Yangu Hakuokoka

Wiki iliyopita nilipasua mto wa zamani ili nianike sufi yake juani. Ile harufu ilipotoka, harufu ya vumbi na sufi iliyolala miaka, nilijikuta nimekaa chini ukumbini, mto mapajani, sifanyi kitu. Nyinyi mliokua wakati mmoja na mimi mnaijua. Siku hizi mito yote ni sponji, lakini zamani ukiingia nyumba yoyote Unguja, iwe ya harusi au ya msiba, ukiegemea unaegemea sufi.

Kwangu mimi harufu ile ni ya karakana ya Bi Raheli, Mji Mkongwe, ambako Mama alikuwa akishona mito na mapazia ya mahoteli. Na siku hiyo hiyo nilikuwa na mgeni, kijana wa kwaya yetu kanisani, msomi, mpole, mpenzi wa chai ya tangawizi. Nikamhadithia Bi Raheli: kwamba alikuwa Myahudi, kwamba alitusitiri siku ya shida, na kwamba nimepata habari amefariki huko kwao. Kijana akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Masikini," akasema, "mtu mwema namna hiyo, halafu amepotea."

Sikumnyang'anya kikombe, nimelelewa. Lakini neno lile niliwahi kulisikia likisemwa juu ya baba yangu, hata hajazikwa, na tangu siku hiyo silipokei. Mwenye kununa kwa haya nitakayoyaeleza na anune. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, naimba sauti ya pili, na sisemi haya kwa ruhusa ya mtu.

Tulikuwa tukikaa Jang'ombe, chumba na ukumbi, katikati ya majirani Waislamu waliotuletea futari kila Ramadhani, nasi Krismasi tukiwapelekea pilau. Wazee wetu wa pande zote mbili walitoka bara. Mama aliokoka mimi nikiwa mdogo sana. Kabla ya hapo alikuwa akiuza pombe kwa kificho, na jambo hilo hakulifanya siri; kila ushuhuda wake kanisani ulianzia hapo. Kanisa letu lilikuwa dogo, la bati, lenye joto la kuchemsha mtu. Mchungaji alikuwa mtu wa huruma, anayekuja na sukari ukiugua, ila alikuwa na msimamo mmoja usiotikisika: mtu huokolewa kwa imani peke yake, na imani hiyo lazima aikiri kwa kinywa chake mbele ya watu. Matendo mema alisema ni matunda tu, na matunda hayaoti bila mti.

Baba hakukiri. Jumapili sisi tukienda kanisani, yeye alikuwa juu ya paa la jirani akiziba bati linalovuja. Mama alimlilia, alifunga kwa ajili yake, alimnunia, akampikia mpaka vitu vya sikukuu siku isiyo sikukuu. Baba alikula na kushukuru.

"Mke wangu," alimwambia, "siku nikiamini nitasema. Leo nikisema nitakuwa nnamdanganya Mungu mbele ya mashahidi."

Alikuwa mchukuzi bandarini Malindi, na mgongo wake ulikuwa wa mtaa mzima. Kitanda kikihamishwa, anaitwa. Mgonjwa akiteremshwa ghorofani, anaitwa. Akifa mtu, Muislamu au Mkristo, Baba alikuwa wa kwanza kushika sepetu. Katika maziko ya Waislamu alichimba, kisha wenzake wakipanga safu ya kusali yeye alisogea pembeni, akavua kofia, akasubiri mpaka wamalize ili asaidie kufukia. Nilimuuliza siku moja kwa nini anapenda makaburi. Akaniambia hapendi, ila maiti hawezi kujichimbia.

Lakini nisimfanye malaika. Baba alikuwa na mwenzake bandarini, jina lake Haji, mtu wa Uroa. Gunia la karafuu lilipotea, na Baba, kwa hasira zake, alisimama mbele ya wachukuzi wote akasema mwizi ni Haji. Haji akafukuzwa, akarudi kwao na jina la wizi. Baadaye gunia likaonekana katika ghala lile lile, limefunikwa na magunia mengine. Kila mtu alijua. Baba alijua kuliko wote, lakini hakwenda Uroa. Jina la Haji likitajwa alisimama akatoka nje, na Mama wakigombana ndilo jiwe alilomrushia.

Sasa nikwambieni nilivyomwelewa Bi Raheli, mjue akili yangu ilikuwa wapi. Wazee wake walikuwa Mayahudi wa Yemeni waliopitia Adeni, na kwao walizungumza Kiarabu, ndiyo maana Kiswahili chake alikitamka kwa ghaini na khe zilizotimia kuliko zetu. Alikuja Unguja kutembea, akapapenda, akarudi kufungua karakana. Jumamosi hakufungua mlango, hakuwasha jiko wala hakushika simu. Jumapili alifungua, lakini Mama alikuwa na ruhusa yake ya kwenda kanisani kwanza.

Mimi nilidhani Wayahudi wote ni watu wa kwenye Maandiko na walishakufa zamani. Aliponiambia mwenyewe, huku akijaza sufi kwenye foronya, kwamba yeye ni Myahudi, nilimtazama mikono kuona kama ina ukongwe usio wa kawaida. Nikamuuliza kama Musa alikuwa mkali.

"Kwa habari zake nilizozisikia," akasema, "alikuwa na hasira za karibu."

Nikaondoka nimeamini kwamba anamjua. Na kwa kuwa mwalimu wetu wa watoto alikuwa ametufundisha kwamba Yesu alizaliwa Myahudi, basi hesabu ilikuwa nyepesi: Bi Raheli na Yesu ni jamaa, wa ukoo mmoja. Niliona fahari kubwa kwamba Mama anafanya kazi kwa jamaa yake Yesu, na nilishangaa kwa nini hakuna anayelizungumza kanisani.

Baba alianguka bandarini asubuhi moja, mzigo bado haujafika mgongoni. Alifikishwa hospitali keshakufa. Nakumbuka Mama akivua pete yake na kuivaa tena, akivua na kuivaa, na majirani wakitandika mikeka bila kuambiwa.

Mchungaji alifika mchana. Alilia, na kumwona akilia nami nililia, maana alimpenda Baba. Walikuwa wakitaniana njiani. Kisha akamwita Mama chumbani. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya pazia la mlango, hakuna aliyenifukuza.

"Mama Aneti, unajua moyo wangu," akasema. "Lakini nikimzika kama aliyeokoka, nitakuwa nimewaambia vijana wote wa kanisa kwamba kuokoka si lazima."

"Alikuwa mtu mwema, Mchungaji."

"Alikuwa mwema kuliko mimi. Lakini wema wa mtu haufiki. Kama ungefika, msalaba ulikuwa wa nini?"

Mchungaji akasema kuna njia moja. Atakuja, atavaa joho, kwaya itaimba, ila Mama akubali aseme wazi kaburini kwamba marehemu amepotea, ili wengine waliobaki wapate kupona.

"Baba yake mtoto niuze mimi kaburini?" Mama akauliza.

"Si kuuza. Ni kuwaokoa walio hai."

"Basi waokoe kwa mwengine."

Mchungaji akatoka na macho mekundu. Namsikitikia leo. Siku ile nilimchukia kwa nguvu zangu zote, na nilichokielewa kilikuwa kimoja tu: Baba yuko nje ya mlango mahali fulani, na hafunguliwi.

Bi Raheli alikuja jioni na bakuli la mayai ya kuchemsha na adesi. Alivua viatu, akakaa mkekani karibu na Mama, akanyamaza. Hakusema pole wala hakushika mkono wa mtu. Majirani walianza kutazamana. Bi mmoja alinong'ona kwamba matajiri hawa, hata msibani wanaringa.

Mwishowe Mama akasema, "Bi Raheli, mbona husemi?"

"Nnakungoja wewe, mwenye msiba," akajibu. "Kwetu mfiwa ndiye huanza."

Basi Mama akaanza. Alimweleza yote, sauti imekauka: kwamba Mchungaji hatomzika mumewe mpaka aitwe aliyepotea. Bi Raheli alisikiliza mpaka mwisho, na hakumsema vibaya Mchungaji. Alimkatia yai, akampa, akamwambia ale.

Nyinyi ni watu wa huku, mnajua mambo yetu yanavyokwenda. Hapana anayeiendea haja yake moja kwa moja. Ukitaka mke unatuma mshenga. Mtoto akikosa nafasi ya shule unamtafuta anayejuana na mkubwa. Ukigombana na mtu unamtafuta mzee wa upande ule ule, akuombee. Mimi nilikuwa mtoto wa Jang'ombe, nilikua nikiyaona hayo kila siku, na mbele yangu alikaa jamaa yake Yesu mwenyewe anakula adesi. Nikapiga magoti pembeni yake.

"Shikamoo, Bi Raheli."

"Marahaba, mwanangu."

"Nnataka uwe mshenga."

"Mshenga? Nani anaoa?"

"Haoi mtu. Nnataka uende kwa Yesu, wewe jamaa yake. Umwambie Baba alikuwa mtu mzuri, amfungulie."

Hakucheka. Alisukuma bakuli pembeni, akanivuta nikae.

"Sitokudanganya siku ya msiba wako," akasema. "Yesu alizaliwa katika watu wangu, hiyo kweli. Lakini sisi hatumwendei yeye kwa mambo hayo. Mama yako ndiye amjuaye kwa njia hiyo. Mimi nikenda nitakuwa mgeni kuliko yeye."

"Sasa nyinyi mnaokolewa na nani?"

"Hilo suali kwetu haliulizwi hivyo." Alifikiri kidogo. "Mchungaji wenu anaona mtu kazama, hana nguvu ya kujitoa, mpaka atolewe, na kazi yake ni kuushika mkono uliomtoa. Sisi twaona mtu kazaliwa na kazi ya kufanya. Mungu katupa amri, tuzifanye. Mwenye njaa alishwe, mgonjwa atazamwe, maiti azikwe. Ukikosea, unarudi, unatubu, unaanza tena. Baba yako kazika watu?"

"Wengi. Hata Waislamu."

"Kwetu kumzika mtu ni wema uliotakasika, maana maiti hakurudishii kitu."

"Na kama hakuamini?"

"Sijasema imani si kitu. Mimi nnaamini Mungu mmoja, na nnamuomba kila siku. Lakini hatuanzi kumuuliza mtu unaamini nini. Twamuuliza umefanya nini. Na asiyekuwa Myahudi, akiishi kwa haki, ana fungu lake huko mbele. Wazee wetu walishalisema."

Sijui niwaelezeje furaha niliyoipata. Nilitaka kukimbilia kanisani nimwambie Mchungaji kwamba kuna mlango wa pili, uko Mji Mkongwe, na Baba keshaingia. Bi Raheli akaniuliza, pengine kwa kutaka nizungumze tu, kama Baba alikuwa na ugomvi na mtu. Nami, mjinga wa furaha, nikamwambia habari za Haji.

Uso wake ukabadilika. "Hapo pazito," akasema. "Tuna siku moja ya mwaka, twafunga, twatubu kutwa. Mungu anafuta yaliyo baina yako na yeye. Yaliyo baina yako na mwenzio hayagusi, mpaka uende kwa mwenzio umridhishe. Baba yako alikwenda?"

"Hakwenda."

Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Kwa Mchungaji Baba alikosa neno moja. Kwa Bi Raheli alikosa safari moja. Nilimwambia kwa kelele kwamba hata kwao pia kuna mlango na kufuli, kwamba wote ni wale wale. Majirani walishtuka, mtoto kumpandishia sauti mtu mzima. Bi Raheli hakukasirika.

"Upo mlango," akasema. "Sijui kama mtu anaweza kugongewa na wanawe. Kwa kweli sijui. Lakini gari nnalo, na Uroa si mbali."

Mama alikuwa akitusikia muda wote. Huku kwetu, mnajua, hata jeneza likiwa kaburini jamaa husimama akawaomba watu radhi kwa niaba ya marehemu, kila aliyekosewa amsamehe. Mama alikuwa ameyaona maisha yake yote kwa majirani. Akajifunga kanga kiunoni.

"Kesho asubuhi," akasema. "Nitakwenda mwenyewe."

Uroa tulimkuta Haji amekaa kivulini anasuka makuti ya paa la hoteli. Alitujua kabla hatujasema, kwa kunitazama mimi usoni. Wanasema nimefanana na Baba. Mama alikaa chini mchangani, mbele yake, na bado alikuwa na viatu.

"Mume wangu kafa," akasema. "Alikukosea. Nimekuja kumuombea radhi."

Haji aliweka kuti chini, akasema maneno ya Kiislamu ya kufiwa. "Mimi nshamsamehe zamani," akasema. "Nilikuwa nikimngoja aje nimwambie."

Mama akashika uso kwa mikono yote miwili. Mimi nilidhani tumemaliza, nikasimama tayari kurudi garini. Lakini mke wa Haji, Bi Mize, alikuwa amefika kutoka kwenye mwani, nguo zimelowa mpaka magotini, na alikuwa ameyasikia.

"Huyo kamsamehe," akasema. "Mimi bado."

"Mize," Haji akaita.

"Niache niseme. Mnajua nilivyokuwa nikipita njia hii? Watu wakiingiza kuku wao ndani. Mke wa mwizi huyo anapita. Leo mmekuja na gari, na msiba, nami niseme yamekwisha? Hayajesha."

"Sikulaumu," Mama akasema. "Ni haki yako."

"Najua kuwa ni haki yangu."

Tuliaga, tukaenda garini, na Bi Raheli keshawasha moto, ndipo Bi Mize akatoka na kikapu cha pweza wakavu, akakisukuma dirishani.

"Msiba una watu," akasema. "Wapikieni."

"Bi Mize," Mama akasema, "si umesema hujasamehe?"

"Sijasamehe. Watu walale na njaa kwa hasira zangu mimi?"

Akageuka akarudi ndani. Kikapu kiliangukia mapajani mwa Bi Raheli. Kwa dini yake hali pweza, wala hapendi harufu yake, na alikipakata vile vile mpaka barabara kubwa, akiendesha kwa mkono mmoja, ndipo Mama alipokumbuka kumpokea.

"Yule mwanamme kasamehe kabla hajaombwa," Bi Raheli akasema njiani. "Huyo ni wenu. Yule mwanamke roho imekataa na mkono umetoa. Huyo wetu kabisa."

"Wote wawili Waislamu," Mama akasema.

Bi Raheli akacheka, na Mama akacheka naye, siku ile ile ya kumzika mumewe. Nilikuwa nyuma ya gari, nikawaona wote wawili wamekosa adabu.

Alasiri tulimzika Baba katika makaburi ya Wakristo. Kaburi walilichimba majirani wa Jang'ombe, na Haji alikuja kuchimba nao, mikono yake mikavu kwa makuti. Kwaya haikuja. Mchungaji alikuja bila joho, akasimama mbali ukutani, na sikumwona akifungua mdomo. Mama aliongoza mwenyewe. Alisali ile sala anayoijua kila mtoto wa kanisa, akakosea katikati, akarudia. Kisha akasema kwa sauti, "Kama yupo aliyekosewa na mume wangu, namuombea radhi."

"Tumemsamehe," wakajibu wanaume. Nilimsikia Haji kati yao. Bi Mize hakuwepo, na Mama alisema hapo hapo, mbele ya watu, kwamba mmoja bado, na kwamba yeye hatoacha kwenda. Nilijua maana yake: hata Baba akizikwa, deni la moyo wa mwanamke yule lingebaki juu yetu, na Mama alikuwa amelibeba.

Bi Raheli alipopewa sepetu alichota udongo kwa mgongo wa sepetu, si kwa uso wake, na udongo ukamwagika zaidi ya ulioingia. Nilimwonea aibu, nikadhani tajiri hajui kushika sepetu. Miaka mingi baadaye nilimuuliza, akaniambia kwao ndivyo mtu anavyoanza kumfukia mwenziwe, kwa uzito, ili ionekane kwamba hakutaka.

Nimekua nikiyasoma mambo haya, na watu wenye elimu wameyaeleza kwa vitabu vinene. Nimewasikia Wakristo wenye kusema kwamba imani isiyo na vitendo ni maneno matupu, na nimesikia kwamba Mayahudi nao wanatumainia rehema ya Mungu kuliko mema yao wenyewe, kwa hiyo mpaka si mnyoofu kama nilivyouona utotoni. Upo, lakini. Kwa mmoja jambo la kwanza ni umempokea nani, kwa mwengine ni umetenda nini na umerudi kwa nani. Siwezi kuufuta, wala Bi Raheli hakuwahi kuniomba niufute. Hakunivuta kwake. Nami sikumkubalia yote: nilimwambia nikiwa mkubwa kwamba dini inayomngojesha Baba mpaka Bi Mize alainike ni ngumu kuliko bahari, akanijibu kwamba dini inayomruka Bi Mize nayo hana haja nayo. Tulibishana hivyo mpaka akaondoka Unguja, na nilimpenda.

Jumapili ya kwanza baada ya maziko nilidhani hatutakwenda kanisani. Mama alinivisha gauni langu la sikukuu, akavaa kilemba cheusi, akanishika mkono. Kwa kawaida tulikaa nyuma, karibu na dirisha, kwa ajili ya joto. Siku ile alikwenda moja kwa moja mpaka benchi la mbele, akakaa chini ya pua ya Mchungaji.

Mchungaji alihubiri habari za kuchelewa. Hakutaja jina, lakini shingo zote zilikuwa zimetugeukia sisi. Mwisho akasema, kwa upole, na naamini alitaka kumsaidia, "Mama Aneti, simama utoe ushuhuda. Wapo dada zetu humu wenye waume ambao hawajaokoka. Wasikie kutoka kwako."

Mama akasimama. Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya wake, nami nikasimama.

"Ushuhuda ninao," akasema. "Mnanijua. Nilikuwa nauza pombe. Siku niliyookoka sikuwa na jema hata moja mkononi. Sikujua Maandiko, na kunywa nilikuwa nimekunywa. Mchungaji aliniambia hiyo ni neema, bure, si kwa kustahili kwangu. Niliamini, na bado naamini."

"Amina," wakasema watu.

"Basi aliyenichukua mimi vile nilivyokuwa," Mama akasema, "mume wangu hamshindi."

Hapakuwa na amina. Nilisikia bati likilia kwa jua. Mama hakukaa, alimngoja Mchungaji aseme kitu, na alipoona hasemi, akamwambia, "Anzisha wimbo, Mchungaji." Mchungaji hakuanzisha. Mama akaanzisha mwenyewe, juu mno kwa sauti yake, nami nikamfuata chini yake, na baada ya ubeti mmoja wakaingia wanawake wa nyuma, wale wenye waume ambao hawajaokoka.

Tulipotoka, njiani kurudi Jang'ombe, nikamuuliza lile nililokuwa nalo tangu siku ya kwanza.

"Mama, Baba yuko wapi?"

"Kwa Mungu."

"Mchungaji kasema..."

"Nimemsikia."

"Na Bi Raheli kasema mpaka Bi Mize..."

"Naye nimemsikia. Bi Mize nitakwenda kwake Jumamosi, na Jumamosi nyingine, mpaka achoke kuniona. Hiyo kazi yangu. Baba yako yuko kwa Mungu."

"Nani kasema?"

"Mimi nimesema."

Jumapili iliyofuata tulikaa benchi lile lile.